Mtoto "aliyekosa maji": je, herufi za Kichina zina moto na maji ndani yake?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika kutoka Tanga. Kaka yangu anafanya biashara Guangzhou na ameoa hukohuko. Mwishoni mwa Mei 2024 wamejaliwa mtoto wa kike. Ubini atachukua wa upande wa mama, lakini kaka aliachiwa achague jina, akachagua Yan, 燕, yaani mbayuwayu. Mama mkwe wake akaenda kwa mtaalamu wa majina, akarudi na habari kwamba mtoto "amekosa maji" na kwamba herufi ya Yan ina moto chini yake, kwa hiyo itamzidishia ukavu. Wakapewa jina Han, 涵, lenye maji. Kaka ameudhika, wifi yangu yuko katikati, na jina bado halijaandikishwa. Ni kweli kila herufi ya Kichina ina elementi yake? Hii ni elimu ya kale au ni biashara ya mtu? Huku pwani tuna mambo yetu ya nyota za majina, ndiyo maana sijathubutu kucheka.

JIBU: Marahaba, dada, na hongera kwa kupata kuwa shangazi.

Jibu fupi ni hapana. Herufi ya Kichina haizaliwi na elementi. Inazaliwa na maana, sauti na umbo, basi. Mambo ya elementi tano yalikuwa na njia yake, uandishi ukiwa na njia yake, kisha watu wakaviozesha viwili hivyo. Ndoa yenyewe ni ya kweli, ina zaidi ya miaka 2,000, na wamo hata wafalme walioisimamia. Lakini mtaalamu anayesema "herufi hii ni moto" kana kwamba anasoma kipimajoto anaficha kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kupima, na kwamba njia hizo hazipatani. Hata kwa jina alilolitoa yeye mwenyewe hazipatani. Nitakuonyesha.

Tuanze na mbayuwayu wa kaka yako. Itazame 燕. Juu kuna kitu kama pembe mbili, katikati mdomo, pande mbili mabawa, na chini kabisa vinukta vinne. Vinukta hivyo ndivyo vilivyomponza. Ni kweli kwamba katika herufi nyingi vinukta vinne chini ni moto: 热, joto, 煮, kuchemsha. Ukiona vinukta hivyo chini ya 煮, uko jikoni hasa. Ila kwa mbayuwayu ni mkia. Maandishi ya kale kabisa ya Kichina, yale yaliyochongwa kwenye mifupa na magamba ya kobe zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, yanamchora ndege mzima, mabawa wazi, mkia umegawanyika panda. Xu Shen, mwanachuoni aliyemaliza kamusi yake kubwa mwaka 100 BK, alimweleza vilevile: mdomo kama koleo, mabawa yaliyotandazwa, mkia wenye matawi. Hakutaja moto popote.

Kilichotokea ni haraka ya makarani. Zama za koo za kifalme za Qin na Han, watumishi wa serikali walipoanza kuandika mbiombio kwa brashi, michoro ya zamani ilivunjwavunjwa kuwa mistari na vinukta. Moto chini ya chungu ukawa vinukta vinne. Mkia wa mbayuwayu ukawa vinukta vinne. Miguu ya farasi pamoja na mkia wake, 馬, kwa maandishi ya zamani yasiyofupishwa, nayo ikaishia na vinukta vinne chini. Vitu vitatu visivyojuana vikavaa vazi moja. Mwaka 1716, kamusi iliyoamriwa na mfalme Kangxi ilipopanga herufi zaidi ya 47,000 katika mafungu 214, mbayuwayu ilibidi awekwe mahali, akatupwa fungu la 86, la moto. Humohumo iliwekwa 無, yenye maana ya "hakuna". Wanakamusi hawakudai kwamba "hakuna" inawaka. Walitaka msomaji aipate herufi anapoitafuta, kama sisi tunavyotafuta neno kwa alfabeti.

Sasa geuza upande wa pili, maji. Matone matatu kushoto, 氵, ni ufupisho wa 水, maji, na mara nyingi hayadanganyi: 江 na 河 ni mito, 湖 ni ziwa, 海 ni bahari. Herufi nyingi mno za Kichina zimejengwa hivyo, kipande kimoja kikidokeza maana, kingine kikidokeza sauti. Lakini kidokezo si kiapo. Sheria, 法, ina matone hayo. Na neno la jangwa, shāmò, 沙漠, lina herufi mbili na zote mbili zina maji. Hakuna mahali pakavu kuliko hapo, lakini ukihesabu vipande ni mafuriko. Ndege ya abiria nayo huandikwa 飞机, na hiyo herufi ya pili ina mti ubavuni, kwa sababu zamani ilihusu mitambo ya mbao.

Hiyo ndiyo hali ya herufi. Elementi tano zenyewe je?

Wachina huziita wǔxíng, 五行: mti 木, moto 火, udongo 土, metali 金, maji 水. Nikiandika "elementi" ninafuata mazoea tu. Herufi ya pili, 行, ni kwenda, na mchoro wake wa kale ni njia panda. Ni mienendo mitano zaidi kuliko vitu vitano. Hapo ndipo inapotofautiana na zile nne unazozijua kwenye falaki ya pwani, za moto, upepo, maji na udongo, zilizotufikia kwa Waarabu ambao nao walizipata kwa Wayunani. Zile nne zinajibu swali "kitu kimeumbwa kwa nini". Hizi tano zinajibu "kitu kinaelekea wapi na kinafuatwa na nini". Sura ya kale iitwayo Hong Fan, katika Kitabu cha Nyaraka, inaeleza hivi: maji hulowesha na kushuka, moto huwaka na kupanda, mti hupinda na kunyooka, metali hutii na kubadilika umbo, udongo hupokea mbegu na kutoa mavuno. Kila moja ina ladha yake pia, maji chumvi, moto uchungu, mti ukali wa ndimu, metali ukali wa pilipili, udongo utamu.

Kisha zikapangwa katika duru mbili. Duru ya kuzaa: mti huzaa moto, moto huzaa udongo (majivu), udongo huzaa metali, metali huzaa maji, maji hukuza mti. Duru ya kushinda: mti hupenya udongo, udongo huzuia maji, maji huzima moto, moto huyeyusha metali, metali hukata mti. Hiyo ya metali kuzaa maji huwasumbua wanafunzi wangu kila mwaka. Maelezo ya kawaida ni kwamba metali ikiyeyuka hutiririka, na kwamba bakuli la shaba likilala nje usiku hukutwa na umande.

Aliyeifanya nadharia hii kuwa ya kisiasa ni Zou Yan, wa dola ya Qi, karne ya 3 KK. Alidai kila ukoo wa kifalme hutawala kwa nguvu ya elementi moja na kuangushwa na ile inayoishinda. Wafalme walimsikiliza kwa makini, na si ajabu. Qin Shi Huang alipoiunganisha China mwaka 221 KK, alitangaza kwamba ukoo wa Zhou uliopita ulikuwa moto, kwa hiyo wake ni maji. Rangi ya serikali ikawa nyeusi, namba ya serikali ikawa 6: kofia za maofisa inchi sita za Kichina, magari futi sita, farasi sita kwa gari. Mto Manjano wenyewe ukapewa jina jipya lenye neno maji.

Kisa ninachokipenda zaidi, na kinachogusa swali lako moja kwa moja, ni cha mji wa Luoyang. Han ya baadaye (hapa Han ni ukoo wa kifalme, si jina la mtoto), iliyoanza mwaka 25 BK na kuufanya Luoyang mji mkuu, ilijitangaza kuwa ya moto. Tatizo ni kwamba Luo, 洛, ina matone matatu ya maji, na maji huzima moto. Kwa hiyo wakaiandika 雒: maji yakaondolewa, akawekwa ndege. Mwaka 220 Han ikaanguka, akaja Cao Pi wa ukoo wa Wei, na Wei ilikuwa ya udongo. Akatoa amri: maji yanapopata udongo ndipo yanapotiririka, na udongo ukipata maji hulainika, basi aondolewe ndege, yarudishwe maji. Mji ukarudi kuwa 洛. Wapo wanachuoni wa baadaye waliobisha kwamba tahajia hizo mbili zilikuwa za mito miwili tofauti tangu mwanzo, lakini amri ya Cao Pi imehifadhiwa. Kwa hiyo mama mkwe wa kaka yako hakubuni kitu. Anafanya kwa mjukuu wake kile ambacho serikali ilifanya kwa mji mkuu.

Tena katika majina ya watu mfano mkubwa upo. Zhu Yuanzhang, aliyeanzisha ukoo wa Ming mwaka 1368, aliamuru kila kizazi cha watoto wake kibebe herufi yenye kipande cha elementi inayofuata katika duru ya kuzaa. Wanawe walipewa mti: Biao 標, Di 棣. Wajukuu moto: Gaochi 高熾, Yunwen 允炆. Vitukuu udongo: Zhanji 瞻基. Kisha metali, Qizhen 祁鎮. Kisha maji, Jianshen 見深. Kisha mti tena. Duru iliendelea kwa zaidi ya miaka 250 mpaka mfalme wa mwisho, Youjian 由檢, aliyebeba mti, akajinyonga Beijing mwaka 1644. Wana wa ukoo walikuwa wengi kiasi kwamba ililazimu kufufua herufi adimu ili vipande vitoshe. Angalia lakini: hapa hakuna aliyepiga ramli kuona mtoto amekosa nini. Ilikuwa namna ya kuonyesha kizazi, ukisikia jina unajua nani ni ami na nani ni mpwa.

Haya ya "kukosa" yanatokana na bāzì, herufi nane. Mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, kila kimoja huandikwa kwa herufi mbili za kalenda ya kale, jumla nane, na kila moja ya hizo, hapo kweli, imepewa elementi kwa desturi. Mtoto wenu: 2024 ni mwaka 甲辰, wa kwanza ni mti, wa pili udongo. Mwishoni mwa Mei ni mwezi 己巳, udongo na moto. Kwa hiyo katika nne za mwanzo hakuna maji, na bila shaka nne za siku na saa hazikuleta. Huko ndiko kukosa maji.

Ila kuna mambo mawili hawakuambiwa. La kwanza ni hesabu tupu. Nafasi ni nane, elementi ni tano, na mgawanyo wake hauko sawa kwa sababu udongo una nafasi nyingi. Nimepiga hesabu ya uwezekano nikichukulia kila nafasi inajitegemea: karibu watoto 7 kati ya 10 watakosa angalau elementi moja. Anayekosa si mgonjwa, ni mtoto wa kawaida. La pili ni kwamba wajuzi wa bāzì wenyewe huwacheka wanaohesabu juujuu. Kwao, kila herufi ya zile kumi na mbili za kalenda hiyo zinazohusishwa na wanyama huficha elementi ndani. 辰, yaani Joka, mwaka aliozaliwa huyu binti, kwao huitwa ghala la maji. Kwa kanuni za fani hiyohiyo, mtoto ana maji ya akiba. Na hata asingekuwa nayo, mjuzi makini huuliza kwanza kama chati yake inayahitaji, maana elementi iliyokosekana yaweza kuwa ndiyo ingeharibu mizani.

Desturi yenyewe imeenea, sikatai. Mwandishi Lu Xun, katika hadithi yake fupi ya mwaka 1921 kuhusu kurudi kijijini kwao, ana rafiki wa utotoni aitwaye Runtu: alizaliwa mwezi wa nyongeza, rùn, akakosa udongo, tǔ, baba yake akaviunganisha. Msomaji wa Kichina hahitaji kuelezwa zaidi. Na ukipita mitaa ya Guangzhou utaona maduka yenye herufi 鑫, metali tatu zimepangana, kwa kutamani fedha. Zipo pia 森 ya miti mitatu, 淼 ya maji matatu, 焱 ya mioto mitatu na 垚 ya udongo mara tatu.

Sasa nilichokuahidi, Han 涵, "kulowana, kubeba ndani". Kwa njia ya kipande, ni maji, haina ubishi. Njia ya pili, iliyosambaa karne ya 20 kutoka Japani kwa Kumasaki Kenō, huhesabu mapigo ya brashi na kutazama tarakimu ya mwisho: 1 na 2 ni mti, 3 na 4 moto, 5 na 6 udongo, 7 na 8 metali, 9 na 0 maji. Kwa maandishi ya leo 涵 ina mapigo 11, kwa hesabu ya kamusi ya Kangxi ni 12, kwa sababu matone matatu huhesabiwa kama 水 kamili. Vyovyote vile ni mti. Njia ya tatu hutazama sauti inatokea wapi mdomoni, na H ni ya koo. Koo ni nini? Shule moja inasema udongo, nyingine maji, na ugomvi huo ni wa karne nyingi. Herufi moja, majibu matatu. Mpime na mbayuwayu aliyekataliwa: kipande moto, lakini mapigo ni 16, kwa hiyo udongo.

Wachina wenyewe waliliona hili mapema. Mwanachuoni Wang Chong, karne ya 1 BK, aliwasuta waliopanga koo za watu kwa sauti tano na kuwaambia nyumba zao zisielekeze mlango kusini au kaskazini. Mahali pengine akauliza: kama maji hushinda moto, na Panya ni maji na Farasi ni moto, mbona panya hawakimbizi farasi? Na Jogoo wa metali mbona hamdonoi Sungura wa mti? Wafuasi wa mwanafalsafa Mozi kabla yake walikwisha kusema hakuna elementi inayoshinda siku zote: moto huyeyusha metali moto ukiwa mwingi, na metali huponda makaa metali ikiwa nyingi.

Kwa hiyo kaka yako afanye nini? Asiende kubishana na bibi kwa hoja za Wang Chong, hatashinda na atamweka mkewe pabaya. Kwa bibi, hili ni pendo na ni kinga, kama shanga na hirizi tunazowafunga watoto wetu. Lakini pia hana sababu ya kumpoteza mbayuwayu. Jina la Kichina laweza kuwa na herufi mbili baada ya ubini. Moja ibebe maji ya bibi, ya pili iwe 燕 ya baba. Hapo duru ya kushinda wataitaja, kwamba maji yatazima moto. Ajibu, kwa adabu, kwamba huo ni mkia, na aonyeshe mchoro wa kale. Mchoro huo hupatikana kwenye kamusi nyingi za Kichina za intaneti, na wazee wa Kichina huheshimu sana maandishi ya kale.

Kuhusu Han yenyewe, maoni yangu tu: ni herufi nzuri lakini imechoshwa. Zihan, 子涵, lilipendwa mno kwa watoto wa miaka ya karibuni, mpaka likawa utani kwamba mwalimu wa chekechea akiliita, nusu ya darasa inaitikia.

Chaguo la kwanza litakalowajia ni Haiyan, 海燕, bahari na mbayuwayu. Kwa mtoto mwenye shangazi Tanga linavutia, na maana yake ipo, ni ndege wa baharini anayeruka kwenye dhoruba. Fahamuni mambo mawili kabla. Ni jina la kizazi cha mama zao, litasikika la kizamani. Na ndilo lililopewa tufani iliyoua maelfu ya watu Ufilipino Novemba 2013, likastaafishwa kwenye orodha ya tufani kwa sababu hiyo. Mimi ningechukua Qingyan, 清燕, yenye maji masafi, au Jiangyan, 江燕, mbayuwayu wa mtoni. Herufi zote hizo zimo katika orodha rasmi ya herufi 8,105 iliyotolewa na serikali ya China mwaka 2013, kwa hiyo kompyuta ya uandikishaji haitamsumbua. Kama bibi atataka herufi adimu zaidi kutoka kwa mtaalamu wake, kaka ahakikishe kwanza kwamba imo humo, asije mtoto akashindwa kukata tiketi ya treni kwa jina lake mwenyewe.